Pumzi ya Baronesa

Nilipoingia jikoni nilimkuta mume wangu akinoa kisu changu cha samaki, na gunia la unga wa muhogo likijongea lenyewe sakafuni.

Gunia lilikuwa linapumua!

Kando yake, juu ya kiti changu, alikaa Keila, mnenguaji wa bendi yake. Alikuwa amevaa kandambili zangu.

"Odivaldo, ndani ya gunia kuna nini?"

"Mke wangu! Mbona umerudi mapema hivyo?"

"Shule imejaa maji. Ndani ya gunia kuna nini?"

Keila ndiye aliyejibu. "Si hilo joka lako, dada. Usianze."

Ndugu mnaonisoma, naomba mzingatie mpangilio wa mambo. Kisu nilikiona kwanza. Kandambili niliziona baadaye. Kati ya hayo mawili sijui lipi lilipaswa kuniuma zaidi... lakini najua lipi liliniuma.

Naitwa Graciete. Nafundisha historia hapa Belém, kaskazini mwa Brazili, na vitu ninavyoviamini ni vichache. Siamini nyota, siamini ndoto, siamini maji ya baraka yanayouzwa kwa chupa. Mume wangu anaviamini vyote hivyo, pamoja na kioo cha kujitazamia.

Odivaldo huimba brega, zile nyimbo za mapenzi za kulialia za hapa kwetu. Hupanda jukwaani shati likiwa wazi hadi kitovuni, kifua kimepakwa mafuta mpaka taa zinajiona humo. Watu hawaendi kusikiliza sauti. Wanaenda kutazama kifua.

Baronesa, nyoka wa aina ya boa, mkubwa kama chatu, alinunuliwa na yeye, kutoka kwa mfugaji mwenye kibali, ili Keila acheze huku boa amejizungusha mabegani mwake. Onyesho hilo lilifanyika mara moja tu. Walimbeba akiwa ametoka kula, ngoma zikapigwa, naye akamtapika panya mzima juu ya viatu vya mpiga kinanda.

Kesho yake tangi la kioo likaletwa sebuleni kwangu.

"Kaa naye wewe," Odivaldo aliniambia. "Si unapenda kusoma? Haya, soma."

Nikasoma. Hata hivyo nilianza kwa kukosea. Niliweka taa ya joto katikati ya tangi, nikajiona nimetenda haki kwa pande zote. Baronesa akalala na kichwa ndani ya bakuli la maji kama mtu mwenye homa. Nikamwita daktari wa mifugo, Anaíde, mwanamke asiyebembeleza.

"Mwalimu, unamchemsha huyu."

"Nyoka si hupenda joto?"

"Hupenda kuchagua. Weka taa upande mmoja, upande wa pili acha pawe baridi. Mpe sanduku la kujifichia kila upande. Yeye mwenyewe anajua mwili wake unataka nini, usimfundishe."

Nilijifunza kumyeyusha panya wa kugandishwa katika maji ya uvuguvugu na kumpa kwa koleo. Siku niliyotumia vidole, kisha nikaingiza mkono huohuo kubadilisha maji, aliniuma. Hakuwa na chuki. Mkono wangu ulinuka chakula, naye aliamini pua yake. Nilijifunza kwamba akishakula haguswi kwa siku kadhaa, na kwamba mwili wake ushikwe kwa mikono miwili, usiachwe uning'inie.

Nilijifunza pia macho yake. Anapokaribia kujivua gamba, macho hufunga ukungu wa buluu. Haoni vizuri, na huogopa kila kitu. Ukimsumbua wakati huo hutoa pumzi ndefu, nzito, kama tairi la lori linalotoboka.

Hapa kwetu kila mtoto anajua maana ya pumzi hiyo. Boa akikupumulia, ngozi yako huota madoa yasiyofutika. Bibi yangu aliliamini hilo. Mama mkwe wangu analiamini. Odivaldo analiamini kuwazidi wote wawili.

Mimi najua kwamba boa hana sumu, na pumzi yake ni hewa.

Turudi jikoni.

"Kisu ni cha nini?" niliuliza.

"Usichukulie vibaya, Graciete. Sauti yangu inakwama siku hizi. Muuza mizizi sokoni kasema mafuta ya boa, ukipaka kooni, sauti inafunguka!"

"Na huyu amefuata nini?"

"Kichwa. Kinakaushwa," Keila akadakia. "Ukikiweka kwenye pochi, mapenzi hayakutoki."

"Mapenzi ya nani?"

Keila akaanza kufungua na kufunga pochi yake.

"Nimekuuliza, dada. Ya nani?"

Keila akatazama kandambili. Odivaldo akatazama dari.

"Mke wangu, hebu tuongee kama watu wazima..."

"Weka kisu chini, tutaongea."

"Siweki! Nyoka ni wangu, nilimnunua mimi, kibali kina jina langu!"

Hilo lilikuwa kweli, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Mume hakuwa wangu tena, hilo nilikuwa nimelielewa tangu mlangoni. Lakini Baronesa naye, kiumbe pekee katika nyumba ile aliyewahi kuniuma kwa sababu ya maana, hakuwa wangu.

Odivaldo akainama na kushika kamba ya gunia.

"Usifungue," nikasema. "Macho yake ni ya buluu."

"We vipi? Unadhani namwogopa mnyoo huu?"

Akafungua. Shati lake lilikuwa wazi, kama kawaida.

Kichwa kikatoka polepole, kikajikunja nyuma... kisha ikaja pumzi. Ndefu! Yote ikaishia kifuani.

Kisu kikaanguka.

"Kakupumulia!" Keila akapiga ukunga. "Odi! Kakupumulia kifuani!"

"Imenigusa? Angalia, imenigusa?"

"Usinisogelee! Usinisogelee na hiyo pumzi!"

Walitoka mbio. Keila aliacha kandambili moja barazani na kuondoka na nyingine. Jioni ile alitumwa mtu kuja kuchukua nguo za Odivaldo, viatu vyake, na mafuta yake ya kifua. Hapo ndoa yangu iliisha, bila hotuba.

Nilimrudisha Baronesa kwenye tangi, nikanyunyizia maji matandiko yake, nikamwacha. Siku chache baadaye alijivua gamba zima, halikukatika popote, hata vifuniko vya macho vilitoka. Anaíde alilishika juu kwenye mwanga.

"Hili, mwalimu, ni gamba la nyoka anayetunzwa."

Sikumbuki mtu mwingine aliyewahi kunisifu katika nyumba ile.

Mvua zilipochachamaa, habari zikaanza kunifikia. Muuza asai, ule uji wa matunda meusi, wa mtaani kwetu ndiye aliyenipa ya kwanza.

"Mwalimu, mumeo anaumwa? Jumamosi kaimba na shati limefungwa mpaka shingoni!"

"Si mume wangu."

"Wanawake wanamzomea, 'Fungua! Fungua!' Yeye jasho linamtiririka tu. Watu walisema bora wangekaa nyumbani wasikilize redio."

Nikanunua asai yangu, nikarudi nyumbani. Sitadai kwamba nilihuzunika.

Kisha wakaja. Mvua ya mchana ilikuwa imekatika tu. Odivaldo mlangoni, mama yake nyuma yake, na mkononi mwa mama chupa tupu ya mdomo mpana.

"Karibu, mama."

"Sikai. Mfungulie shati, Odivaldo, mkeo aone."

Akafungua. Kuanzia shingoni hadi mbavuni kulikuwa na madoa meupe, mengine madogo kama punje, mengine yameungana kama visiwa. Kifua kilichokuwa kikilipiwa kiingilio sasa kilifanana na ukuta wa choo cha shule yangu wakati wa masika.

"Unaona kazi ya joka lako?" mama mkwe alisema. "Yule wa sokoni kasema dawa ni moja tu: mafuta ya boa yuleyule aliyempumulia. Leo tunamchinja, chupa hii hapa. Odivaldo ndiye mwenyewe, usituletee usomi."

Odivaldo alikuwa amekwisha kulifikia tangi. Mkono wake ulikuwa juu ya kifuniko. Kibali kilikuwa na jina lake, mama alikuwa upande wake, na sikuwa na nguvu za kumzuia.

Nilikuwa na swali moja.

"Mama, huyu alimpumulia mwanao akiwa hai. Akishakufa, pumzi hiyo ataivuta vipi tena?"

Mkono wa Odivaldo ukasimama.

Mama mkwe akaiweka chupa mezani polepole. Ilimchukua muda. Nilimwona anavyolifuatilia jambo lile kichwani, hatua kwa hatua, mpaka likamfikisha mahali alipopaogopa.

"Toa mkono hapo, mpumbavu wewe!"

"Lakini mama, wewe mwenyewe umesema..."

"Ukimuua huyu, umejizika na madoa yako! Ulitaka nikuoneshe kwa watu hivyo mpaka nife? Toa mkono!"

Kwa kuwa mimi ni mtu wa haki, hapo hapo niliwaeleza ukweli wote. Naomba hili mlizingatie. Niliwaambia kwamba yale ni utangotango, fangasi wa ngozi, anayependa joto, jasho na mafuta ya kupaka. Kwamba dawa inauzwa kila famasia. Kisha nikawaambia neno ambalo sikuwahi kulisema kwa miaka yote ya ndoa yetu.

Kila msimu wa mvua, madoa yaleyale yalikuwa yakianza kumtoka Odivaldo mgongoni. Yeye hawezi kuuona mgongo wake, niliuona mimi. Kwa kuwa angekesha akilia kama angeambiwa ana fangasi, nilikuwa nikimimina dawa ndani ya chupa yake ya sabuni ya kuogea, nikinyamaza. Alipohama alichukua mafuta ya kifua. Sabuni aliiacha.

Nikaenda bafuni, nikaileta. Nikamkabidhi mkononi.

Odivaldo akaitazama chupa, akanitazama mimi, akacheka kwa uchungu.

"Unanionaje, Graciete? Nijipake vitu vyako wewe? Unataka nibaki hivi maisha!"

"Famasia gani imewahi kutoa pumzi ya nyoka?" mama yake akaongeza. "Mwalimu kabanwa, sasa anatutapeli na sabuni. Irudishe! Usiiguse!"

Akaiweka mezani!

Mama mkwe akatoa hukumu. Nyoka abaki kwangu, kwa sababu kwa Keila angekufa kabla ya wiki kwisha. Kibali kihamishiwe jina langu. Odivaldo awe analeta panya, kwa kuwa nyoka mwenye njaa hawezi kuwa na moyo wa kusamehe. Na siku Baronesa atakapoamua mwenyewe kuivuta pumzi yake, madoa yataondoka.

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilikuwa nimekwisha kusema ukweli, na ukweli ulikuwa umekaa mezani, na kifuniko chake cha kijani.

Sasa kibali kina jina langu. Odivaldo huja na panya wa kugandishwa ndani ya boksi la barafu, amefunga vifungo vyote, jasho likimchuruzika. Husimama mbele ya kioo cha tangi na kunong'ona.

"Baronesa, mama... bado tu?"

Kisha hunigeukia.

"Amekula vizuri? Hakohoi? Mbona amelala sana leo?"

"Ni mzima."

"Usimwache apate baridi, tafadhali. Nakuomba."

Keila, nasikia, sasa ananengua katika bendi nyingine, kwa mwimbaji mwenye kifua kisicho na visiwa.

Mnaopenda funzo, hili hapa: kabla hujamwacha mtu anayekutunza, ulizia kwanza alikuwa akikutunza vipi.

Wiki iliyopita Odivaldo aliuliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza alipomnunua. Viumbe hawa huishi muda gani?

Nikamjibu kwa usahihi, kama ninavyowajibu wanafunzi wangu. Baronesa ana miaka minne. Boa anayetunzwa vizuri anaweza kufika thelathini.

Nami namtunza vizuri sana.