Kuku Mwekundu Alikataa Kuingia

Mvua haikuwa imenyesha, lakini mabati ya banda la kuku yalikuwa yamelowa kwa ndani. Nilifungua mlango asubuhi, tone moja likanidondokea shingoni. Nikatazama juu. Matone yalikuwa yamejipanga kwenye bati lote, kama jasho.

Sikumwambia mtu. Mimi si msemaji. Shule niliishia darasa la tano, na hata huko mwalimu akiniuliza swali nilitazama vidole vyangu vya miguu mpaka amwulize mwingine. Kaka yangu Nobert huniita Bubu. Jina langu ni Medius.

Tunakaa Nyakiyumbu, kwenye mteremko karibu na Bwera, mpakani na Kongo. Jioni upepo wa mlimani unashuka, nao ni baridi. Baba yangu, Tsongo, ni fundi wa nyumba, na anasifiwa huku kote kwa jambo moja: nyumba yake haipitishi upepo. Huziba kila ufa. Akimaliza, hupitisha kiganja ukutani taratibu, akitafuta ubaridi. Madirisha hujenga madogo, au hajengi kabisa. Watu wanapenda hivyo. Nyumba yetu nayo iko hivyo. Mimi na mdogo wangu Ronah tunalala chumba cha nyuma, kando ya jiko. Ronah hukohoa kila asubuhi. Sisi husema ni baridi ya mlima.

Kuku nilipewa na shangazi yangu, baada ya kumsaidia kuchuma kahawa msimu mzima. Vilikuwa vitu vyangu vya kwanza. Mwanzoni walilala jikoni, kama kuku wa karibu kila mtu hapa. Kisha kicheche akapenya chini ya mlango, akaua mmoja. Wakabaki majike watano na jogoo.

Baba alinihurumia. Akanijengea banda la matofali nyuma ya nyumba, akalipiga lipu ndani na nje, akaweka mlango wa mbao.

"Humu," alisema akiupiga ukuta kwa kiganja, "hata sisimizi ataomba ruhusa."

Lilikuwa banda zuri. Majirani walikuja kulitazama. Nobert akasema, "Kuku wa Bubu wanalala vizuri kuliko mimi!"

Lakini kuku wangu mwekundu alilikataa. Kila jioni wenzake wakiingia, yeye aliruka juu ya paa, akakaa huko kwenye upepo. Nilimfukuza kwa ufagio mpaka akaingia. Kesho yake, tena juu ya paa.

Jioni moja jirani yetu Kahambu alinikuta kwenye mbio hizo. Mama Kahambu alitoka Butembo, Kongo, akikimbia vita. Kule alifuga kuku wengi. Hapa anauza unga wa muhogo sokoni Mpondwe, na amepanga chumba kando ya kiwanja chetu.

"Mutoto," alisema, "ile kuku iko nakuambia kitu. Na wewe unaipiga na fagio?"

Nikatazama vidole vyangu.

"Kuja hapa. Ingiza kichwa mu nyumba ya kuku. Chini, kwenye wanalala. Nafunga mulango kidogo. Ukichoka, piga kelele."

Niliinama, nikaingiza kichwa na mabega. Harufu kali ikanipiga usoni, kama mkojo wa siku nyingi. Machozi yakanitoka. Kifua kikawa kizito, nikakohoa. Nikapiga mlango kwa ngumi.

"Voila," alisema Mama Kahambu akinifungulia. "Wewe umekaa dakika moja. Wao wanalala humo mpaka asubuhi."

"Maji kwenye bati," nikasema. "Yanatoka wapi?"

"Aa! Uliona maji? Muzuri. Ile ni pumzi yao. Kuku inapumua, inakunya, maji inapanda juu. Hakuna njia ya kutoka, basi inarudi chini. Mavi inalowa. Mavi ikilowa inatoa ile harufu. Inachoma macho yao, inachoma mapafu. Kisha ugonjwa inakuja, inakuta mulango iko wazi."

"Lakini upepo wa mlima utawaua."

"Sikiliza vizuri. Upepo ikimupiga kuku pale amelala, ile ni mubaya. Hewa ikipita juu ya kichwa yake, ile ni muzuri. Chini, ukuta mzima, hapo baba yako ametumika kazi vizuri sana. Juu, karibu na bati, fungua. Upande huu na upande ule, hewa iingie na itoke. Upande wa mulima uache imezibwa. Halafu weka waya ya matundu madogo, sababu kicheche iko na akili kuliko bwana yangu." Akacheka peke yake. "Mwambie baba yako."

"Siwezi."

"Basi nitamwambia mimi."

"Hapana, Mama. Nitasema."

Wakati wa kula nilijaribu. Sauti yangu ilitoka ndogo. "Baba, banda linahitaji tundu juu."

Baba aliacha kutafuna. "Tundu?"

"Hewa haipiti."

Nobert alicheka mpaka akajipalia. "Jamani, kuku wamepata wakili!"

"Nimejenga nyumba ngapi Bwera?" Baba aliuliza. Hakukasirika. Aliuliza tu, kama mtu anayejua jibu. "Kuna mtu amekufa ndani kwa kukosa hewa?"

Nilitazama sahani.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta jike mweupe amelala kwenye kona, amekufa. Wengine wawili walikuwa wanapiga chafya, macho yametoa povu. Baba alikuja, akatazama, akatikisa kichwa.

"Kuku hawa wana mkosi. Jumapili wakwe wa Nobert wanakuja. Tutawachinja wote kabla hawajatufia."

"Wote?"

"Wote. Banda litakuwa stoo ya saruji yangu."

Akachukua baiskeli, akaenda kazini.

Nilimzika yule mweupe kwa kina, mbwa wasimfukue. Wale wawili wagonjwa niliwatenga, chini ya tenga kubwa kibarazani. Kisha nikaingia ndani. Nikachukua nyundo ya baba na patasi yake.

Nilipanda juu ya pipa. Nikaweka patasi kwenye lipu, chini kidogo ya bati. Nikapiga.

Mama alitoka jikoni mbio, mikono imejaa unga. "Medius! Ukuta wa baba yako!"

"Ndiyo, Mama."

"Unafanya nini?"

"Navunja, Mama."

Nikapiga tena. Lipu ya baba ni ngumu, wasifiao hawaongopi. Mikono iliuma mpaka begani. Tofali la kwanza lilipotoka, hewa ya ndani ilitoka nalo, na Mama aliyesimama chini akaziba pua.

"Yesu wangu," akasema. "Walikuwa wanalala kwenye hiyo?"

Hakunizuia tena. Akanishikia pipa lisiyumbe.

Mama Kahambu alileta kipande cha waya kilichobaki kwenye kibanda chake cha sokoni. Tulikikata viwili, tukavipigilia misumari kwenye matundu mawili, la kushoto na la kulia. Akanionyesha mengine nisiyoyajua. Tukazoa kinyesi chote kilicholowa, tukakitupa kwenye migomba. Tukapanga mawe kuzunguka msingi, kicheche asichimbe. Tukafunga fito mbili za mviringo kwa ajili ya kulalia, maana kuku hapendi kulala sakafuni juu ya kinyesi chake. Kwenye kona yenye giza tukaweka kisanduku chenye nyasi kavu cha kutagia.

"Chini weka maganda ya mupunga," alisema. "Mubuku, pale wanakoboa, wanaitupa tu. Ikilowa, toa, weka ingine kavu. Na usijaze nyumba. Pima hatua moja ndefu kwenda, moja ndefu pembeni. Hapo wanaenea kuku nne ao tano, si kumi. Na nyumba haiko dawa, eh? Ita munganga wa mifugo. Wagonjwa aangalie. Wazima wapate chanjo ya kideri. Ile ugonjwa inamaliza kuku ya kijiji kizima."

Baba alirudi jua likiwa linashuka. Aliona vipande vya lipu chini. Akaegemeza baiskeli polepole.

"Nani?"

Nobert naye alikuwa amefika na pikipiki yake. Alinitazama, mara hii bila kucheka.

"Mimi," nikasema.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Ni mimi." Mdomo ulikuwa umeshafunguka. "Kuku si wa kuchinjwa Jumapili, Baba. Kuku wagonjwa hawapikiwi wageni. Na hawana mkosi. Walikosa hewa. Ukitaka kuziba, ziba. Lakini ingia humo kwanza, mimi nikufungie."

"Medius!" Mama alisema kwa sauti ya chini.

Baba alikunja mikono ya shati. Nilidhani atanipiga. Sikusogea.

Wakati ule kuku walianza kuingia, maana giza lilikuwa karibu. Jogoo aliingia. Jike mmoja akafuata. Kuku mwekundu alibaki uani. Aliinua shingo, akalitazama paa. Aligeuza kichwa huku, akageuza kule. Kisha akatembea mpaka mlangoni, akainua mguu, akaingia mwenyewe.

Ufagio ulikuwa mkononi mwangu. Sikuutumia.

Baba alikwenda kwenye banda. Aliingiza kichwa, akakaa nacho ndani. Alipokitoa, alipitisha kiganja kwenye kingo za tundu nililotoboa, taratibu, kama anavyotafuta ubaridi.

"Umepasua vibaya," alisema. "Ukingo huu utaanguka mvua ya kwanza." Akanyoosha mkono. "Lete mwiko. Na wewe Nobert, mabati haya mafupi. Tutayarefusha pembeni, mvua isiingie kwenye matundu."

"Mimi?" Nobert aliuliza.

"Kuna Nobert mwingine? Na kesho ukienda Kasese na abiria, fika mpaka Mubuku. Leta gunia la maganda."

"Pikipiki yangu sasa ni ya kuku," Nobert alinung'unika. Lakini alilileta.

Daktari wa mifugo alikuja, akawatibu wale wawili, na baada ya kupona wakapata chanjo kama wenzao. Jumapili wakwe walikula samaki wa Katwe kwa mchuzi wa karanga, na hawakulalamika. Mama mkwe wa Nobert alitoka kulitazama banda, akauliza fundi ni nani. Baba alisema, "Kuta ni zangu. Madirisha mwulize huyu."

Msimu uliofuata kuku mwekundu alitotoa. Mabati hayakudondosha tena maji asubuhi. Kicheche alikuja, tuliona kucha zake kwenye waya, akaondoka na njaa. Vifaranga walipokua niliuza majogoo, nikabaki na majike wanaotosha banda. Majirani walianza kumwita Baba awajengee mabanda, naye hunichukua niende nimwonyeshe upande wa kufungua. Nobert bado huniita Bubu, ila sasa akiita, watu wanamcheka yeye.

Jana Baba alimaliza kumjengea Mama Kahambu banda lake. Tulirudi nyumbani jioni. Alikaa kibarazani akifuta patasi kwa kitambaa. Ndani, Ronah alikohoa.

"Basi," Baba alisema, "nyumba zote za kuku zimeisha. Zina hewa zote. Kuna nyingine?"

Jibu nilikuwa nalo tangu siku ile nilipoingiza kichwa kwenye banda, maana harufu sikuijua, lakini uzito ule kifuani niliujua. Huwa naamka nao. Sikuwahi kulitamka, hata kwa Mama.

"Ipo, Baba," nikasema. "Chumba tunacholala mimi na Ronah hakina dirisha."