Bamba Lililotangulia Nyundo

Rafiki yangu, fundi wa kuchomelea asiyejua woga, alinisimulia hili kwa kinywa chake. Alikwenda kutafuta vyuma chakavu vya geti, akarudi na bamba jeusi, jepesi kama karatasi. Msumeno hauliingii, moto haulishiki. Mara umeme ukakatika, na karakana yake haina dirisha. Gizani humo, kwa mazoea ya mafundi, akainua nyundo aligonge asikie kama lina ufa.

Ngo! Likalia kabla nyundo haijaligusa.

Akarudia. Likamtangulia tena. Kisha, yeye akiwa ametulia tuli, likatoa sauti ya mkewe akilia: "Mume wangu, umeniachia nani?"

Akampigia simu.

"Nikulilie una nini?" mkewe akacheka. "Machozi yangu leo ni ya vitunguu tu."

Wiki hiyohiyo tulimzika, na mkewe alilia kwa maneno yaleyale. Bamba nikalifukia mwenyewe nyuma ya karakana.

Juzi nilipita pale. Chini ya udongo mke wangu alikuwa akilia, na sauti ndogo ikimbembeleza: "Mama, nyamaza. Baba hasikii."

Nikajipa moyo: mwanetu bado hajui kuongea.

Leo mke wangu kanipokea mlangoni kwa vigelegele. Mtoto kasema "mama."