Kadi Iliyojaa

Kila siku akitoka shule, Flavia alipitia kwanza kwenye steshenari ya mama yake, pale mtaani Pasua. Alivua viatu mlangoni, akafagia, akafuta vumbi juu ya kompyuta kwa kitambaa kikavu, kisha akapanga karatasi za kutolea kopi. Mama Mektrida alichapa barua za watu na kutoa kopi za vyeti. Lakini mwaka ule wa 2009 sifa yake ilitokana na kazi nyingine: alituma meseji kwa kompyuta.

Alikuwa na kadi ya data, kidude kidogo cha kuchomeka ubavuni mwa kompyuta, chenye laini ya simu ndani yake. Aliandika tangazo mara moja tu, liwe la kikao cha harusi, misa ya shukrani au mkutano wa akina mama wauza viazi, na likawafikia watu mia tatu kabla chai haijapoa. Wao wakijibu, majibu yalirudi kwenye laini hiyo hiyo.

"Fagia, panga, futa vumbi," mama alikuwa akimwambia. "Ila kidude hicho usikiguse. Shida za watu wengi zinapita humo."

"Sawa, mama," Flavia aliitikia, tena kwa adabu sana. Watoto wanaoitikia haraka namna ile wanafaa kuchungwa. Mama alipotoka tu kununua unga au kusalimia jirani, Flavia alikaa kitini na kuandikiana na Eunike, rafiki yake aliyehamia Himo. Waliandikiana vitendawili, mashairi na umbea wote wa darasa la sita.

Alificha vipi? Kompyuta ilikuwa na masanduku mawili ya meseji. Moja lilikuwa la kompyuta yenyewe, na mama alilisoma kila asubuhi. Jingine lilikuwa ndani ya kadi, na hilo mama hakuwahi kulifungua. Flavia alizihamishia humo meseji zote za Eunike, akajiona mjanja kweli.

Kisha siku moja kibahasha chekundu kilianza kuwakawaka kwenye kona ya kioo, na meseji za Eunike zikakoma. Alipofuta mbili, zikaingia mbili. Hapo akaelewa. Kila meseji ilipitia kwanza kwenye kadi, na kadi ikijaa, meseji mpya husubiri huko nje mpaka ipate nafasi. Alielewa, akanyamaza, na haikuchukua muda kadi ikajaa tena. Mama alidhani kile kibahasha ni urembo tu.

Siku ya Jumanne babu akapotea.

Babu Thadeus, baba yake mama, alikuwa ameletwa mjini kutoka Kibosho kwa sababu kumbukumbu zilikuwa zimemtoka. Saa nne asubuhi alitoka uani na koti lake la kaki, asionekane tena. Baba yake Flavia alikuwa mlimani akiwabebea wageni mizigo, na simu pekee ya nyumbani alikuwa nayo yeye. Mama alikimbilia kompyuta akaandika: "Mzee Thadeus, miaka 81, koti la kaki, amepotea Pasua. Hana kumbukumbu. Ukimwona jibu namba hii."

Zikaenda meseji mia tatu. Saa tisa, hakuna jibu. Saa kumi na mbili, hakuna jibu. Flavia alikitazama kile kibahasha chekundu. Alitaka kusema, akaogopa. Akajipa moyo kwamba mama akinyanyuka kidogo tu, atafuta chapuchapu, majibu yataingia na hakuna atakayejua.

Lakini mama hakunyanyuka. Jumatano asubuhi alikuwa bado kwenye kiti kile, macho mekundu, kanga imemlegea mabegani.

"Mama, nenda ukapumzike. Nitaangalia mimi," Flavia alisema.

"Siondoki hapa. Huyu ni baba yangu."

"Basi nenda kanywe chai tu."

"Chai itapita wapi, Flavia?"

Saa nne katekista Primus, mwalimu wa dini kanisani kwao, alifika na pikapu yake.

"Watu mia tatu, katekista!" mama alimwambia. "Asijibu hata mmoja? Hata wa kusema pole? Tumemkosea nani?"

Katekista aliinamisha kichwa. "Mama Flavia, vijana wameanza kutafuta kando ya mto Karanga. Maji yalikuwa mengi jana."

Mama akasimama, akajifunga kanga kiunoni. "Kama ni mto, twende tukamtoe," alisema, akanyoosha mkono kuichomoa kadi ili afunge duka.

"Mama, usichomoe!" Flavia alipiga kelele. "Watu wamejibu! Kadi imejaa, majibu hayawezi kuingia. Nimeijaza mimi!"

Maneno yakamtoka yote pamoja na machozi: Eunike, sanduku la ndani, kibahasha. Mama hakumpiga wala hakumgombeza. Alisema neno moja tu: "Fungua."

Flavia alifungua sanduku la ndani ya kadi. Mama alisoma meseji ya kwanza kwa sauti: "Kitendawili! Nyumba yangu haina mlango." Akaacha kusoma. "Futa," alisema. "Futa zote."

Flavia alifuta. Walisubiri kidogo, kisha kompyuta ikalia. Ikalia tena, na tena, mpaka wakaacha kuhesabu. Nyingi zilikuwa za pole na za kuuliza habari. Lakini tatu zilitoka namba moja.

Jana saa tisa: "Mzee huyo ameshuka kwenye basi, yuko kwangu soko la Sanya Juu. Ni mimi Mama Yuditha wa viazi. Njooni."

Jana jioni: "Mbona kimya? Nimemlaza kwangu. Anakohoa."

Leo saa mbili: "Amekataa kukaa. Anasema anakwenda kihambani kwake, shambani Kibosho, kwa miguu. Nifanyeje? Nijibuni jamani."

"Sanya Juu!" mama alisema. "Alikuwa akinunua ng'ombe huko ujanani."

Katekista aliipiga namba ile kwa simu yake. Iliita bila kupokelewa. Akapiga mara ya pili na ya tatu. "Inaita tu," alisema. "Pandeni garini."

Walipita Boma Ng'ombe wakaanza kupanda kuelekea Sanya Juu. Mama alitazama upande mmoja wa barabara, Flavia upande wa pili. Flavia alimwomba Mungu kwa midomo iliyokauka. Mara akaliona koti la kaki.

Babu alikuwa akitembea pembeni mwa lami, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Mwanamke mnene alikuwa akitembea naye, amemshika mkono.

"Nilishindwa kumzuia, nikaona nitembee naye," Mama Yuditha alisema huku akihema. "Simu nimeisahau sokoni, na viazi nimeviacha hivyo hivyo."

Mama alimkumbatia baba yake akalia. Babu alimtazama kwa upole. "Wewe ni mtoto wa nani?" akauliza.

"Lakini dada, ninyi ni watu gani?" Mama Yuditha alimuuliza mama. "Nimeandika mara tatu!"

Mama alimtazama Flavia.

"Shikamoo, mama," Flavia alisema. "Kosa ni langu." Akaeleza yote, bila kupunguza.

"Marahaba," Mama Yuditha aliitikia taratibu. "Ee Ruwa, Mungu wangu! Na mimi tangu jana nawatangazia majirani kwamba watu wa mjini wamemtupa mzee wao. Kumbe mlikuwa mnalia."

Walimrudisha Mama Yuditha sokoni, wakamshukuru, kisha wakageuza gari kuelekea hospitali. Babu alisinzia. Flavia alikuwa ameupakata mguu wake usio na kiatu, akiufuta damu na vumbi kwa sweta ya shule.

"Na mimi nina langu," mama alisema mwishowe. "Ningeweka na namba ya jirani, tusingefika huku. Nitalitubu hilo. Wewe kuandikiana na Eunike si neno, ungeniomba ningekuruhusu. Ukachagua kuficha. Uongo ukishaingia ndani, mwanangu, unakaa kwenye nafasi ya ukweli, na ukweli unabaki mlangoni ukibisha."

"Nisamehe, mama. Nilitaka nifute kabla hujajua."

"Tangu lini ulitaka?"

"Tangu jana jioni."

Mama aliutazama ule mguu uliochubuka.

"Nimekusamehe," alisema. "Ila ukumbuke: kila dakika uliyotafuta pa kujificha leo, babu yako aliitembea kwa mguu huo."

Flavia hakuuachia mguu wa babu mpaka walipofika.