Mgono wa Bizimana

Kambare wa Rozalia walikataa kukauka.

Aliwapasua, akawatoa matumbo, akamkunja kila mmoja mkia ukakutana na mdomo kama alivyofundishwa na mama yake, akawapanga kwenye kichanja juu ya moto. Asubuhi walitakiwa wawe weusi na wakavu, tayari kwa gulio la Benaco. Akamgusa mmoja. Maji. Akambonyeza ubavu, maji yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, ya baridi kabisa, na makaa chini yake yalikuwa bado mekundu.

Mumewe, Danstan, ndiye aliyeleta kuni, kwa hiyo lawama ilijua pa kwenda.

"Baba Tecla, umeniletea kuni mbichi tena?"

"Ni zilezile za siku zote. Si zinawaka?"

"Zinawaka, ila hazikaushi! Wewe ulishaona wapi moto wa namna hiyo?"

Danstan hakujibu. Alikuwa na tabia ya kunyamaza pale hasa alipotakiwa kusema, na hakuna kitu kilichompandisha Rozalia mori kuliko hicho. Kijijini kwao, bondeni upande wa chini wa Ntobeye, wanaume wanaotega samaki kwa migono ya kusuka kwenye mafunjo wote ni wapole wa maneno. Lakini wa kwake alizidi.

Akabadilisha kuni. Akabadilisha kichanja. Akaomba moto kwa jirani, akaubeba kwenye kigae kama mtu aliyebeba yai. Kambare wakaendelea kutoa maji. Kisha nguo alizoanika juani zikashinda kwenye kamba na kurudi ndani zikiwa zimelowa, zinanuka tope la mafunjo yaliyooza. Unga ukashika ukungu mtungini. Rozalia alifua, akakamua, akaanika, akaanua, akafua tena, mpaka akajikuta anaitukana kamba ya nguo kwa sauti, mchana kweupe, majirani wakimsikia.

Hayo yote angeyavumilia. Asichoweza kukivumilia ni kifua cha Tecla.

Tecla alikuwa mtoto wao wa pekee, ndiyo kwanza ameanza kusimama dede. Kila jioni Rozalia alimfunika kanga kavu aliyoiazima, akamkumbatia, na kila alfajiri mtoto aliamka amelowa chapachapa, kifua kikitokota kama sufuria ya uji. Zahanati wakampa dawa. Aliporudi mara nyingine nesi akamtazama juu mpaka chini.

"Mama, huyu mtoto unamlaza kwenye maji? Dawa peke yake haisaidii. Mtunze asilowe, la sivyo atakufia mikononi."

Rozalia alirudi nyumbani akilia kwa hasira. Asilowe! Kama vile yeye ndiye alikuwa anammwagia! Na kitandani upande wa Danstan godoro lilikuwa kavu, kavu kabisa, bwana analala anakoroma. Hilo lilimchoma kuliko maneno ya nesi.

Jioni moja ya mvua alimwachia Danstan mtoto sebuleni, akaenda jiko la nje kugeuza samaki. Kabla hajafika mlangoni akasikia sauti. Ilikuwa ndogo, ya midomo inayofunguka na kujifunga, pa, pa, pa, kama watu wengi wanaonong'ona bila kutoa neno. Akasukuma mlango. Harufu ya tope ikampiga usoni, akainua kibatari, na pale kichanjani akawaona kambare wake, wale wale aliowapasua kwa mkono wake na kuwatoa matumbo na kuwachoma juu ya moto mpaka ngozi ikababuka, wote wamegeuza vichwa kuelekea mlangoni, kwake, wanafungua midomo na kuifunga kwa pamoja, mashavu yakipanda na kushuka, na kutoka kwenye matumbo yao yaliyo wazi maji yanadondoka juu ya makaa, na makaa hayazimiki, na katikati ya ile pa, pa, pa akasikia pumzi moja nzito ikivutwa kwa taabu karibu sana na sikio lake, pumzi ya mtu aliyekaa chini ya maji muda mrefu na ndiyo kwanza anaibuka.

Hakupiga kelele. Alirudi ndani, akafunga mlango, akaongea chinichini.

"Baba Tecla. Samaki hawa umewatoa wapi?"

Danstan akatazama sakafu.

"Leo hunyamazi. Leo utasema, au nambeba mwanangu naenda kwetu."

"Mgono wa Bizimana," akanong'ona.

Rozalia akakaa chini. Bizimana, mtegaji mwenzake Danstan, alizama mtoni masika yaliyopita, mwili haukuonekana. Na kila mtu bondeni anajua kwamba mtego wa aliyezama hauguswi. Unaachwa humo humo uoze na mafunjo.

"Migono yangu ilikuwa inatoka mitupu," Danstan alisema. "Wake nikauona umejaa. Umejaa mpaka unatikisika. Nikasema basi, nitaufanya wangu. Nikaja na yule mkubwa, ukanichemshia kichwa, nikakila."

Kwao, mtu akisuka mgono mpya huchemshiwa kichwa cha samaki wake wa kwanza, akakila bila chumvi, ili mgono umjue.

"Umekula kichwa cha mgono wa marehemu! Nami niliyekuchemshia ukaniambia ni mgono mpya! Mtoto anakufa kwa ajili ya tumbo lako!"

Alimsema usiku kucha.

Walimwita mganga kutoka Nyamahanga, mzee aitwaye Nshoma, aliyekuja kwa bodaboda akilalamika kwamba ameacha mahindi yake kwa ngedere.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huyo mtoto ndiye?" Alimgusa Tecla mgongoni mwa mama yake, akanusa vidole, akakunja uso. "Anayemlowesha huyu si Bizimana. Bizimana alikuwa mtumishi tu. Lipo jini la maji, ndilo linalojaza ule mgono, na linamjua mtu kwa ulimi wake. Limepata mwingine. Mgono urudishwe leo na samaki wote, na anayeurudisha awe yule wa kwanza kuonja kichwa kile. Hakuna mara ya pili. Nani alianza kuonja?"

Danstan akafungua kinywa.

"Ni huyu hapa!" Rozalia akamkata. "Nani mwingine? Mwenyewe amekiri!"

Danstan akamtazama mkewe kama mtu mwenye neno. Kisha akanyamaza, kama kawaida yake.

Jua la utosi lilipowaka wakawa mtoni. Danstan akapanda mtumbwi na mgono na kikapu cha samaki. Rozalia alisimama ukingoni na Nshoma, Tecla mgongoni. Aliona kambare waliopasuliwa wakimwagwa majini, wakajikunjua mmoja mmoja, wakaogelea. Kisha mgono. Haukuelea hata kidogo. Ulivutwa chini kwa nguvu moja, mafunjo yakainama pande zote, na maji yakajifunga.

"Yamekwisha," akasema Rozalia. "Asante Mungu, yamekwisha."

Danstan alipofika nchi kavu, Rozalia alifungua mbeleko amwonyeshe mtoto. Kitambaa kilikuwa kinadondoka. Akakikamua. Kikadondoka tena, na kifua cha Tecla kikatokota mikononi mwake.

Nshoma alimgeukia Rozalia.

"Mama, kichwa kile ulikipika wewe. Hukuonja supu?"

"Mimi? Mpishi gani asiye..." Akasikia alichokuwa anasema.

"Nilikuona," Danstan alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Ulilamba mwiko. Nilitaka kusema, mama Tecla. Ukanikata."

"Na wewe ukakatika! Ungepiga kelele! Ungenipiga hata kofi!" Akamgeukia mganga. "Mzee, nipe mtumbwi. Naufuata mwenyewe."

"Ukiufuata, ndicho jini hilo linachokitaka." Nshoma aliongea polepole, na safari hii hakulalamika chochote. "Mpe baba yake mtoto."

"Simpi."

"Mpe, mama."

Tecla alipofika mikononi mwa Danstan alikohoa mara moja, akatema maji, na kifua kikatulia. Nywele zake zikaanza kukauka juani. Akamtafuta mama yake kwa macho, akamwona, akacheka, akamnyooshea mikono yote miwili anyonye.

Maziwa yalimshuka Rozalia papo hapo, yakalowesha blauzi. Akainusa. Ilinuka tope. Mtoto akaanza kulia akimwita, naye Rozalia, aliyekuwa hajawahi kumwacha alie, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine.