Kiti cha Nyuma

Jua lilikuwa linazama nilipotoka dukani na kopo la tina ya kuyeyushia rangi. Mimi ni fundi rangi wa magari, na nikitoka gereji hujifungia nyumbani kuunganisha vigari vya plastiki. Majirani husema mwanamke mzima ninacheza. Waseme.

Nje ya duka alisimama mzee mwenye kofia ya kijivu ya dereva, boksi kwapani. Alinuka matope ya mtoni, na ilikuwa kiangazi.

"Wewe ndiye fundi wa vigari?" alinong'ona.

"Ndiye mimi, mzee wangu."

"Niunganishie hili. Lipake rangi nyekundu. Nitalifuata Ijumaa, jua likizama. Ila kiti cha nyuma kisibaki kitupu."

Ningekataa. Lakini nilichungulia ndani ya boksi nikaona gari la zamani, taa za mviringo, bampa pana, na uroho wa ufundi ukanishika.

Jioni ya Alhamisi nilikuwa karibu kumaliza. Nilikuwa nimekata vipande kwa wembe, nimepiga msasa kingo, nimepaka bodi. Rangi yoyote huijaribu kwanza kwenye ukucha wa dole gumba, mazoea ya gereji hayo. Ilikuwa nyekundu nzito, tamu.

Ndani ya boksi, chini kabisa, nilikuta sanamu moja ambayo haikuwamo kwenye mchoro wa maelekezo. Mwanamke aliyekaa, kitambaa kichwani kimefungwa fundo juu ya sikio la kushoto. Mama hufunga hivyohivyo. Nilicheka peke yangu, nikaitia gundi, nikaikalisha kiti cha nyuma.

Chumba cha pili, kikombe kilivunjika.

"Mwanangu..." Mama aliita. "Miguu yangu siisikii."

Niligeukia ile sanamu kitini. Gundi ile huyeyusha plastiki. Ikikauka, hakuna kubandua. Nilichovya brashi kwenye tina, nikapaka, nikavuta... nikapaka tena, nikavuta.

Ikatoka.

"Aa," Mama alisema. "Imerudi."

Nilimsimulia yote. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye kofia.

"Na ananuka matope?"

"Ndiyo, Mama."

"Alikuwa dereva wa ofisi yetu, kabla hujazaliwa. Jioni moja alinipigia honi mara tatu. Alikuwa amelewa, nikakataa kupanda. Akasema atarudi kunichukua. Gari likatumbukia mtoni, yeye peke yake ndani." Alishika mkono wangu. "Lirudishe tu hilo boksi, mwanangu. Tusigombane na wafu."

"Yeye ndiye aliyeanza," nilisema.

Niliogopa, sifichi. Lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi. Nilichukua wembe, nikakwangua kitambaa cha yule mwanamke. Nikampaka kofia ya kijivu. Nikampa masharubu na mashavu yaliyobonyea, kama nilivyoyaona dukani.

Ijumaa, jua likizama.

Pi... pi... pi.

Barabarani hapakuwa na gari. Mzee alikuwa getini, maji yakimchuruzika mikononi.

"Limekwisha?"

"Limekwisha. Na kiti cha nyuma hakiko kitupu."

Alitabasamu, akainama kuchungulia kigari mikononi mwangu, bado hakina paa. Akaiona kofia. Nikaikandamiza sanamu kwenye gundi mbichi, nikashikilia.

Magoti yake yakakatika.

"Kiti cha mbele..." alinong'ona kutoka chini. "Nani ataendesha?"

"Hakuna," nilimwambia. "Kaa hivyohivyo."

Nikabandika paa. Nilipoinua macho hakuwepo. Nyayo za matope zilikuja mpaka getini, na hazikurudi.

Gari hilo liko kabatini kwangu, milango yote nimeigandisha. Mama anatembea, anapanda ngazi, ananisema nisipokula. Lakini kila Ijumaa jioni kabati hupiga honi, mara tatu, taratibu. Na ile rangi ya ukuchani haijatoka. Nimeisugua kwa tina, kwa petroli. Ukucha umekua, nimeukata mara nyingi, doa liko palepale.

Wiki iliyopita dole lenyewe lilianza kufa ganzi.

Bado linashika brashi. Kwa hiyo honi ikilia nafungua kabati, nachungulia dirishani mwa kile kigari, na kwa sindano naongeza tone la gundi kitini, asije akainuka.