Nukta Iliyopotea Kwenye Mchoro

Kila asubuhi Mama Waya hufungua kibanda chake cha kutengeneza redio, kisha hunywa chai. Asubuhi moja chai ilipoa mezani. Mdogo wake alikuwa kwenye simu, analia.

"Dada, mayai yote yameharibika! Joto limepanda na kengele haikulia hata kidogo."

Mdogo wake aliishi mji wa mbali, akitotolesha vifaranga kwa mashine. Mama Waya alikuwa amemchorea kwenye kompyuta saketi ya kengele ya joto, pamoja na namba za rezista, vile vipande vidogo vya kupunguza umeme. Kisha alikipiga picha kioo cha kompyuta kwa simu, akamtumia. Mdogo wake aliiunganisha saketi mwenyewe, kwani mikono yake haikuwa ya kubabaisha.

"Rezista ya pili umeweka ya ngapi?"

"Arobaini na saba, kama ulivyoandika."

"Mimi niliandika nne nukta saba!"

"Nukta sikuiona, dada. Jumatatu natia mayai mengine. Nayo yakiharibika, naiacha kazi hii."

Moyo ulimuuma Mama Waya. Kosa lilikuwa lake.

"Huachi kitu," alisema. "Nipe leo tu."

Alikwenda mlango wa pili kwa jirani yake, mchoraji wa ramani za nyumba. Mtaa mzima humwita Rula. Rula aliikuza ile picha kwa vidole. Ikawa ukungu mtupu.

"Fundi mzima unapiga picha kioo!" alitania.

"Utanicheka baadaye. Nifundishe kwanza."

"Haya. Picha ya simu ni vitone vya rangi. Ukiituma, simu huibana iwe nyepesi, na vitu vidogo humezwa. Nukta yako imemezwa. Programu yako ya kuchorea ina sehemu ya kutoa PDF. Humo mstari hubaki mstari. Ukikuza, bado ni safi."

"Na akitaka kubadilisha kitu?"

"Mtumie pia faili lenyewe la programu, kama naye anayo. PDF ni ya kusoma, faili lile ni la kurekebisha. Ukilazimika kutuma picha, itoe humo humo kwenye programu kama PNG, ambayo haipotezi vitu vidogo, uitume kama faili ili simu isiibane."

Mama Waya alirudi mbio. Alitoa PDF, akaikuza. Nukta ilikuwa pale, nyeusi tii. Aliituma, kisha akapiga simu.

"Nisomee kila namba."

"Zote, dada?"

"Zote. Leo hatubahatishi."

Walisoma mpaka ya mwisho. Mdogo wake alibadilisha rezista siku hiyo hiyo, na Jumatatu akatia mayai.

Wiki ya pili joto lilipanda tena. Safari hii kengele ililia. Mdogo mtu aliacha sufuria jikoni, akakimbia kufungua matundu ya hewa. Chakula kiliungua, mayai yakapona.

Siku ya ishirini na moja simu ya Mama Waya iliita. Alisikia milio ya vifaranga kabla ya sauti ya mdogo wake.

"Unawasikia, dada? Nakutumia picha."

Picha ilifika. Kifaranga alikuwa ukungu mtupu, hata macho hayaonekani. Mama Waya alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Hii inatosha," alisema. "Huyu hana rezista wala nukta."