Anaumwa Ndani, Anapona Nje

Dobi alipewa jina zuri na wazazi wake, lakini kazi ilimpa jina jingine, na hilo ndilo lililomganda. Kila asubuhi aliwasha jiko la mkaa mbele ya mlango. Makaa yakishakuwa mekundu, aliliingiza jiko ndani, akayatia makaa kwenye pasi mbili za chuma. Kisha yeye alikwenda uani kufua.

Mke wake alipiga pasi chumbani. Watu walimwita Mpole, kwa sababu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mama yake Dobi alipokea wateja, alikunja nguo na kumsimamia kila mtu, hata wale ambao hawakuomba kusimamiwa.

Mama huyu aliijua kazi. Alikuwa amepiga pasi kwa miaka thelathini, huko nyumba ya zamani, chini ya banda. Ndiye aliyemfundisha mwanawe. Miezi mitatu iliyopita familia ilihamia hapa, karibu na barabara, ili wateja wawaone.

Wateja waliwaona kweli, lakini vumbi nalo likawaona. Wiki ya kwanza tu, koti jeupe la mpishi wa hoteli lilipata madoa ya vumbi na majivu. Mpishi akalirudisha kwa hasira. Siku hiyo Mama alitoa amri.

"Kuanzia leo dirisha hili lifungwe. Mlango nao urudishwe, ubaki upenyo wa mtu kupita. Nguo nyeupe haitaki upepo."

Dirisha likafungwa. Nguo zikatoka safi kama mpya, na Mama akafurahi.

Baada ya wiki mbili Mpole akaanza kuumwa kichwa.

Asubuhi alikuwa mzima. Alikunywa chai, akacheka na mumewe, akashika pasi. Ikifika saa tano, kichwa kilianza kugonga. Saa sita alisikia kizunguzungu. Mara nyingine alitapika. Hapo aliiweka pasi chini, akasema kichwa kinamuuma, akatoka, akakaa kwenye ngazi ya mlango na kunyoosha miguu. Baada ya muda alipata nafuu, akarudi kazini. Haukupita muda mrefu, hali ikawa ile ile.

Mama aliyaona yote hayo. Tena aliyaona vizuri sana, ila aliyasoma vibaya.

"Hebu niambie," alimwambia jirani yao, fundi cherehani. "Ndani anaumwa, nje anapona. Ugonjwa gani huo unaochagua mahali?"

"Huo si ugonjwa, Mama," fundi akajibu, huku akikata uzi kwa meno. "Huo ni uvivu. Na siku ya mapumziko je?"

"Siku ya mapumziko? Mzima kabisa! Anafagia, anapika, anaimba."

"Basi, umeshapata jibu. Kazi ndiyo inayomtia homa." Fundi akainama na kupunguza sauti. "Halafu jana nilimwona anayumba pale mlangoni. Usinielewe vibaya, lakini una hakika hanywi?"

Mama hakuwa na hakika, lakini tangu siku hiyo alianza kuwa nayo. Jioni alimnusa mkwe wake mdomo, akijifanya anamrekebishia kanga. Hakusikia harufu yoyote. Akasema moyoni kwamba siku hizi watu wana ujanja mwingi.

Dobi naye aliona mke wake anapauka. Siku moja alijikaza akasema, "Mama, mimi naona tumpeleke hospitali."

"Wakamtibu nini? Uvivu? Mimba si ugonjwa, mwanangu. Wewe nilikubeba huku nashika pasi, na mpaka siku ya mwisho sikukaa chini. Huyu anadekezwa."

Dobi akainamisha kichwa na kurudi kwenye beseni lake. Alimpenda mke wake na alimwogopa mama yake, na siku hiyo woga ulishinda. Mpole alikuwa nyuma ya mlango. Alisikia kila neno. Alilia kidogo, akafuta machozi, akaongeza makaa kwenye pasi.

Jumatano aliunguza koti la mpishi, lile lile la vumbi. Alisimama ameshika pasi, macho wazi, kama mtu anayesinzia. Aliposhtuka, pasi ilikuwa imeacha alama ya kahawia mgongoni.

Mama hakupiga kelele. Alichukua simu, akatoka, akampigia mama yake Mpole.

"Mkwe mwenzangu, njoo Jumamosi umchukue mwanao. Mimi nilitafuta mkwe, nimepata mgeni. Hataki kazi. Na watu wanasema anakunywa."

Sauti ya upande wa pili ikasema taratibu, "Nitakuja."

Mpole aliambiwa jioni ile. Hakujitetea. Aliuliza jambo moja tu: "Na mtoto atakapozaliwa, atakuwa wa huku au wa kule?" Dobi alimtazama mama yake, mama akatazama ukuta.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Matone yaliingia mlangoni, hivyo Mama akaufunga kabisa na kuweka gunia chini yake. Dobi alikuwa amekwenda kupeleka nguo hotelini na kumwomba mpishi radhi.

"Leo kaa pembeni," Mama akamwambia Mpole. "Wewe kunja tu. Tazama jinsi watu wanavyofanya kazi."

Akajaza makaa kwenye pasi zote mbili. Akapiga shati la kwanza, la pili, la tano. Mkono wake ulikuwa bado mwepesi, naye akaona fahari. Chumba kilikuwa na joto zuri. Hakukuwa na moshi wowote, makaa yalikuwa mekundu tu.

Saa tano kichwa chake kikaanza kugonga.

"Ni umri," akajisemea. Hakutaka kukaa. Angekaaje mbele ya mtu aliyemwita mvivu? Akaendelea. Mistari ya shati ikaanza kucheza machoni. Tumbo likamchafuka. Akageuka, akamwona Mpole amelala juu ya rundo la mashuka.

"Wewe! Yaani hata kukunja kumekushinda? Amka!"

Mpole hakuamka.

"Mpole! Nakwambia amka!"

Mkono wa Mpole ulining'inia pembeni. Hapo moyo wa Mama ukapiga kwa nguvu. Alitaka kumkimbilia, lakini miguu haikumtii. Aliishika meza, akateleza, akajikuta ameketi sakafuni. Alitaka kuita, na sauti ikatoka ndogo. Mlango ulikuwa hatua nne tu kutoka alipokuwa. Hakuweza kuufikia. Akili yake ilikuwa na wazo moja, nalo lilimtisha kuliko kifo chake mwenyewe: yule msichana hakuwa anaigiza.

Bahati ilikuja na mwavuli. Muuguzi wa hospitali ya jirani alikuja kufuata sare zake alizoleta kufuliwa. Alibisha, hakujibiwa. Alisukuma mlango, gunia likazuia, akasukuma kwa bega. Alipowaona wawili wako chini na jiko linawaka katikati, hakuuliza swali. Aliuacha mlango wazi kabisa, akavuta pumzi nje, akaingia na kulisukuma dirisha. Kisha akamshika Mpole kwapani na kumburuta hadi nje, chini ya bati la kibaraza.

"Fundi! Njoo unisaidie! Mtoe mama! Usikae ndani, mtoe utoke!"

Fundi cherehani alikuja mbio, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Mama akatolewa. Gari likapatikana. Njiani Mama alikuwa amepakata kichwa cha Mpole, akimpigapiga shavu na kurudia, "Mwanangu, mwanangu," kana kwamba hajui neno jingine.

Hospitalini Mpole aliwekewa hewa ya oksijeni. Mama naye aliwekewa. Alipoondolewa, alikaa kwenye benchi la korido pamoja na Dobi, aliyefika akiwa ameloa chapachapa. Kila mlango ulipofunguliwa, waliinuka wote wawili. Kila mara alikuwa mtu mwingine tu anayepita.

Baada ya saa nzima yule muuguzi alitoka.

"Ameamka," alisema. "Mtoto tumboni tumemsikiliza, moyo wake unapiga. Lakini lazima tuwaangalie wote wawili mpaka kesho. Siwezi kuwaahidi zaidi ya hapo."

Dobi akafunika uso kwa mikono. Mama akauliza, "Ni nini, sista? Ni mimba?"

"Si mimba, Mama. Ni mkaa. Mkaa unapowaka hutoa hewa ya sumu. Huioni, na haina harufu."

"Lakini hakukuwa na moshi! Makaa yalikuwa mekundu."

"Hata yakiwa mekundu. Moshi ungewawasha macho, mngetoka. Hewa hii haikusumbui, inakulegeza tu. Inaingia kwenye damu na kukalia nafasi ya hewa safi. Kichwa kinauma, unapata kizunguzungu, unatapika, unayumba kama mlevi. Ukizidi kukaa, unalala, na unaweza usiamke. Kwa mwenye mimba ni hatari zaidi, maana mtoto anategemea damu ya mama yake."

Mama akatikisa kichwa. "Mimi nimepiga pasi ya mkaa miaka thelathini. Mbona sikuumwa?"

"Ulikuwa unapigia wapi?"

"Bandani."

"Lilikuwa na kuta?"

Banda lile halikuwa na kuta. Upepo ulipita kila upande, na yeye alikuwa akiulalamikia kila siku.

"Nikuulize jambo jingine," muuguzi akaendelea. "Huyu binti alikuwa anaumwa akiwa ndani, akitoka nje anapata nafuu?"

"Ndiyo," Mama akasema kwa sauti ya chini.

"Na siku asizopiga pasi alikuwa mzima?"

"Ndiyo."

"Basi hiyo ndiyo dalili yenyewe. Mtu akiumwa mahali pamoja na kupona akitoka, msimtazame yeye. Patazameni hapo mahali."

Mama alilia hapo hapo kwenye benchi, mbele ya watu. Dalili aliiona yeye, tena kabla ya kila mtu. Aliitembeza mitaani kama ushahidi wa uvivu. Na amri ya kufunga dirisha ilikuwa yake.

Ijumaa Mpole aliruhusiwa, akaambiwa apumzike na arudi kupimwa baada ya wiki. Dobi hakungoja kuambiwa na mtu. Alihamisha meza ya pasi hadi kibarazani, chini ya bati. Jiko likakaa nje, mbali na mlango. Upande wa barabara alitundika shuka kuukuu la kuzuia vumbi, akaacha juu na pande zote wazi. Aliamua kwamba siku za mvua kali hawatapiga pasi ya mkaa, nguo zitasubiri. Mama alileta pingamizi moja tu, kwa mazoea.

"Na vumbi likipita?"

"Tutafua tena," Dobi akajibu. Alimtazama mama yake usoni alipolisema hilo, na safari hii hakuinamisha kichwa.

Jumamosi mama yake Mpole akafika. Alibeba begi tupu la kutia nguo za mwanawe. Uso wake ulikuwa umefura, maana alikuwa amekesha akitafuta amemlea wapi vibaya.

Mama alimpokea mlangoni, Mpole akiwa ameketi kibarazani. Fundi cherehani aliacha cherehani yake na kusogea. Mama alimwona, na hakumfukuza.

"Mkwe mwenzangu, kabla hujakaa," alisema. "Mwanao hanywi. Wala si mvivu. Alikuwa anavuta sumu ndani ya chumba nilichokifunga mimi. Alisema anaumwa, sikumsikia. Nilimsema kwako, nilimsema kwa fundi huyu hapa, nilimsema kwa wateja. Wote nitawarudia, mmoja mmoja. Nimeanza na wewe."

Fundi cherehani akatazama vidole vya miguu yake. "Na mimi nilichangia," akasema. "Nisamehe, Mpole."

Mama yake Mpole alimwendea mwanawe, akamshika mashavu, akamkagua kama anavyokaguliwa mtoto aliyeanguka.

"Begi ninalo," alimwambia. "Ukitaka, tunaondoka sasa hivi. Hakuna wa kukuzuia."

Dobi alikuwa ameshika shati lililoloa, maji yakimdondokea miguuni. Alijua kwamba hata yeye hakustahili kusema neno.

Mpole akamgeukia mama mkwe wake.

"Nitabaki, Mama. Lakini nina sharti."

"Sema, mwanangu. Lolote."

"Siku nikisema naumwa, usiniambie ninaumwa nini. Niulize."

Mama akaitikia kwa kichwa mara nyingi, machozi yakimtiririka. Akavuta kiti, akakaa mbele ya Mpole, magoti kwa magoti.

"Leo kichwa kinauma?"

"Kidogo."

"Kimeanza saa ngapi?"

Mpole akaanza kueleza. Alieleza kuanzia siku ya kwanza, wiki baada ya wiki, maneno ambayo nyumba nzima haikuwahi kuyasikia kutoka kwake. Mama hakumkatisha hata mara moja.